Ulaya Yangu ya Kongowe

Kazi yangu ni ya kompyuta, popote penye mtandao naifanya. Basi nikawatangazia watu wote kwetu Masaki, Kisarawe, kwamba nahamia Lisbon. Mama akachinjisha mbuzi, ikasomwa dua ya safari. Kisha viza ikakataliwa. Niliona aibu kurudi kula muhogo na watu walioniombea dua, nikapanga chumba Kongowe, Kibaha.

Kila Jumapili Mama hunipigia simu ya video. Navaa koti zito, nakaa mbele ya ukuta mweupe, nalalamikia baridi huku jasho linanitiririka mgongoni. "Jifunike, mwanangu," ananiambia, na roho inaniuma kweli.

Juzi, tukiwa kwenye simu, mama mwenye nyumba alichungulia dirishani. Malezi ni malezi, mdomo ukanitangulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Anua nguo zako, mvua hiyo inakuja."

Mama aliyasikia yote. Nilisubiri anifokee, hakufoka.

"Mpe simu huyo mama," alisema taratibu, "nimsalimie anayenilelea mwanangu."

Nikampa. Mama mwenye nyumba akakunjua uso kwa tabasamu.

"Hatujambo, dada. Karibu Kongowe."