Koti la Kujaribia Mikono

Mama anayeuza makoti ya mitumba katika soko la Mbinga hukunja kila koti kwa mkono wa kulia huku amelibana kwa kidevu, maana wa kushoto umelala tangu alipopigwa na kiharusi. Mteja akishavaa, humwamrisha kwa sauti kavu: “Inua mikono yote miwili. Tabasamu. Taja jina lako na parokia yako.” Watu hudhani ni mbwembwe za biashara. Yeye hacheki.

Asubuhi moja mzee kutoka kijiji cha Ruanda alijaribu koti la sufu. Mkono mmoja ulipanda, mwingine ukaning'inia, na jina lake likatoka limevurugika. Wanawe wawili wakacheka. “Baba leo kaamkia pombe ya komoni,” alisema mkubwa. “Tumlaze kivulini, itamtoka.”

“Mumlaze?” Mama alifoka hadi wauza dagaa wa usipa wote wakageuka. “Mimi mdomo ulipopinda, ndugu zangu walisema nimerogwa! Siku tatu wananifukiza majani chini ya blanketi, na hospitali tunaiona kutoka mlangoni! Hicho ni kiharusi! Kila mnapocheka, kichwa cha baba yenu kinakufa!”

Mama akaingia barabarani akasimama mbele ya pikapu ya mnunuzi binafsi wa kahawa, mpaka dereva akafunga breki huku akitukana. Yule mwana mdogo wa mzee, kwa adabu zake, alikuwa ameanza kumfungua baba yake vifungo.

“Samahani, mama, tukuachie kwanza koti lako.”

Mama alimchapa kofi mkononi. “Mpandishe garini!”