Mpini wa Marehemu Kwenye Bastola ya Kitindamimba Wangu

Kwanza niseme waliokuwa pale, mtu asije baadaye akadai na yeye alikuwako. Nilikuwa mimi mwenyewe, kwenye kiti cha plastiki nilichotoka nacho nyumbani. Alikuwa kitindamimba wangu, msichana wangu wa saba, anayeuza unga kwa jumla hapo Kimbo, ambaye ndiye mwenye bastola na ndiye aliyekuwa anashindana. Alikuwa binti yake, mjukuu wangu, anayesoma chuo na kupanga chumba Kahawa Wendani. Huyo alikuja kubeba kiti. Alikuwa fundi wa bunduki, Mkamba aliyestaafu jeshi, ambaye si ndugu yetu lakini ameshakula kwangu mara nyingi kuliko ndugu wengine. Alikuwa mkaguzi, mwenye kitabu cha sheria kwapani. Na alikuwa mama mmoja wa kofia nyekundu, ambaye asubuhi hiyo nilidhani simjui.

Majina yao wote ninayo, ya ubatizo na ya nyumbani, pamoja na ya baba zao. Mimi niliacha shule darasa la tatu lakini jina likiingia hapa kichwani halitoki. Nakumbuka mpaka la ng'ombe aliyenikanyaga kidole mwaka ule wa njaa. Lakini kitindamimba amenikataza. Amesema, "Mami, mtu mwenye silaha hatangazwi." Basi nimeyameza, na yananiwasha kooni kama ugoro.

Hiyo bastola aliipata kwa sheria, na kibali chake kipo, baada ya wezi kumwingilia dukani mchana kweupe. Akapelekwa kufundishwa kwenye uwanja wa shabaha huku juu ya Thika. Mimi nilifikiri atarudi akitetemeka. Alirudi anacheka peke yake, ameshika karatasi yenye miduara na matundu, akaibandika kwenye friji yangu kama mtoto aliyepata alama nzuri.

"Mami, angalia hii ya katikati!"

"Naona. Na hizi nyingine ulikuwa unampiga nani?"

Tangu hapo ikawa ni kila Jumamosi. Sasa, hapo kwenye kilabu chao kulikuwa na timu ya wanawake watatu wa kwenda kushindana nchi za nje. Nafasi mbili zilikuwa na wenyewe. Ya tatu alishaijaribu mara mbili, na mara zote mbili akaikosa kwa alama kidogo hivi, kama chumvi kwenye ncha ya kidole. Akaniambia jikoni kwangu, ng'ambo ya mto Chania, anamenya ndizi bila kuniangalia: "Mara hii nikikosa, naacha. Naanza kufuga sungura."

Mimi namjua. Akisema sungura, amemaanisha. Na sijawahi kuona mtu aliyebandika sungura kwenye friji.

Fundi ndiye alisema shida haikuwa kwake, ilikuwa kwa bastola. Ile bastola ilikuwa vile ilivyotoka kiwandani, na kiwanda hakijui mkono wa mtu. Karakana yake iko ndani ya uwanja, na yeye ndiye mwenye leseni ya kuzigusa. Akaifungua mezani vipande vipande, mimi nikiwa mbali vile sheria inataka. Akatoa ile alama ya mbele ya kulengea, iliyokuwa nyeusi juu ya nyeusi, akaweka yenye nukta ya kijani inayowaka kama jicho la paka. Akabadilisha springi ya kifyatulio, akasugua vyuma vidogo ndani mpaka vikawa laini. Akasema mwanzo kilikuwa kinavutwa kama kamba ya kisima, sasa kitavutwa kama uzi wa kushonea.

"Bado kitu moja," akasema. "Hapa pa kushika. Hii plastiki ni nene, mkono wake ni mdogo. Nitaagiza mbao kutoka ng'ambo, zitafika baada ya miezi miwili."

"Mashindano ni mwezi ujao," kitindamimba akasema.

Hapo ndipo nikaingilia. Nikamuuliza, "Fundi, mpini unaagizwa ng'ambo?"

Kwangu kulikuwa na mpini wa jembe la marehemu mume wangu, wa mutamaiyu, ule mti mgumu unaovunja shoka. Alilima nao miaka mingi mpaka ukawa na mashimo ya vidole vyake. Jembe lenyewe liliisha, mpini ukabaki nyuma ya mlango, na mimi nikawa nauegemea nikivaa gambuti. Nikasema ukatwe.

"Wee Mami! Mpini wa baba?"

"Alikuwa analenga magugu. Wewe unalenga karatasi. Ni kazi ileile."

Fundi akacheka akashika mbavu. "Wakikuyu wameanza kuchonga! Sisi Wakamba, wachongaji wenyewe, sasa tutakula nini?"

"Utakula hapa kwangu, kama kawaida yako."

Sasa fundi atajuaje umbo la mkono? Nikasonga ugali mgumu, ukapoa kidogo, nikamwambia kitindamimba aufinye vile anavyoshika bastola. Ukabaki na vidole vyake vyote, hata alama ya pete. Nikaufunga kwa karatasi, nikampelekea fundi kwenye kikapu. Aliufungua, akauangalia, akaugeuza.

"Mimi nimeletewa vitu vingi hapa karakana," akasema, "lakini ugali bila mboga ni mara ya kwanza."

Mjukuu wangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye simiti. "Shosho, wewe ni noma!"

Lakini fundi aliutumia. Akapasua mpini, akatoa vibao viwili vya ukubwa wa kiganja, akatoboa matundu ya skrubu, akanipa vile vibao vitupu niende nikavilainishe nyumbani. Vibao bila bastola havina neno, ni kama vijiko tu. Nikavunja chupa ya soda, nikakaa kwenye jua nikivikwangua kwa kigae, vile tulivyokuwa tunakwangua mipini zamani. Ukikwangua mutamaiyu hutoa harufu kama asali iliyoungua. Mikono yangu inauma siku hizi, lakini wiki hiyo haikuuma. Nilikuwa naimba. Jirani alichungulia juu ya ua akauliza kama nimeposwa.

Sasa nifike kwa kosa langu, maana lipo.

Kwetu, mpini mpya haupelekwi shambani mkavu. Unapakwa mafuta ya mbariki, yale ya mbegu za mbarika, mti unayanywa, na kazi inabarikiwa. Nilivipaka mara moja, vikanywa. Nikavipaka tena, vikanywa. Asubuhi ya mashindano niliamka na furaha nyingi, nikasema vibarikiwe mara ya mwisho, nikapaka mafuta ya kutosha hata kukaanga kuku. Nikavifunga kwenye leso safi nikaenda.

Fundi alivifunga kwenye bastola kwa skrubu, akavifuta kwa shati lake, akasema vinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Mkaguzi akaichukua ikiwa tupu, akatundika uzito mdogo kwenye kifyatulio kuona kama kimelegezwa kupita sheria. Nilisimama nitazame. Hiyo mizani niliijua! Ilinikumbusha kiwanda cha kahawa, vile karani alivyokuwa anaangalia debe lako kama vile wewe ni mwizi. Uzito ukaning'inia, kifyatulio hakikulia. Mkaguzi akabandika karatasi yake ya kupita. Kuanzia hapo, akasema, hakuna kufungua skrubu wala kubadilisha kitu.

Nikavishwa vikombe viwili masikioni juu ya kitambaa cha kichwa. Mjukuu akanipiga picha, akasema nafanana na DJ.

Wakaanza na risasi za kujaribu. Ya kwanza, kitindamimba akashtuka. Ya pili, akakunja uso. Ya tatu karatasi yake ilikuwa imetobolewa chini kabisa, pale ambapo hata mimi na macho yangu ningepata. Wakapumzika. Akaiacha bastola mezani ikiwa tupu, vile wanavyofanya, akaja kwangu kwa hatua ndefu, mikono mbele kama mtu aliyekanda chapati.

"Mami. Umepaka nini?"

"Kidogo tu."

"Kidogo cha nini?"

Fundi akashika mkono wake akaunusa. Macho yakamtoka. "Mbariki! Mama, umepaka silaha mbariki?"

"Nilipaka mbao. Silaha ni kazi yako wewe."

"Inazunguka mkononi kama kambare!" kitindamimba akasema. Niliona sungura wote kwenye macho yake, na wale watoto wao.

Mkaguzi aliruhusu ifutwe kwa kitambaa. Fundi akafuta. Lakini mutamaiyu ulioshiba mafuta, ukipata joto la jua unatoa mengine, kama jasho. Kila akifuta, unang'aa upya. Nikafunga macho nikajiuliza, sasa mbona marehemu mpini haukumponyoka hata siku moja? Na tulikuwa tunapaka mafuta yaleyale! Nikamwona kichwani mwangu, asubuhi, kwenye kichwa cha shamba, kabla ya kuinua jembe. Ptu, ptu. Halafu anainama.

Nikapiga makofi. "Udongo! Wee, udongo! Tema mate mikononi!"

"Mami, watu wanatazama."

"Wacha watazame! Baba yako alitema mate na hakuna magugu yaliyomcheka!"

Nikageukia mkaguzi. "Mwanangu, hicho kitabu kinasema nini juu ya mikono?"

Akafungua. Akatafuta, akalamba kidole, akatafuta tena. "Kinasema juu ya bastola. Glavu zimekatazwa. Udongo..." Akakuna kichwa. "Udongo hakuna."

Yule mama wa kofia nyekundu alikuwa amesimama karibu, kucha zimepakwa rangi, bastola yake imepambwa kila mahali. Ndiye aliyekuwa anaitaka ileile nafasi ya tatu. Nilidhani atapinga. Akasema, "Mwache apake. Cucu wangu alikuwa anafanya hivyo kabla ya kushika jembe."

Ndipo nikamwangalia vizuri. Ile pua! Hiyo pua nilichuma kahawa nayo mstari mmoja miaka tisa. Nikamtajia jina la cucu wake, yaani nyanya yake, lote, la nyumbani na la kanisani.

Akavua miwani. "Ulimjua?"

"Nilimjua? Siku moja karani alitaka kukataa debe langu, ati halijajaa. Cucu wako aliweka lake chini, akaja, akachungulia ndani, akasema, 'Limejaa.' Na yeye na karani walikuwa wanasalimiana vizuri. Akasema tu vile alivyoona."

Yule mama akacheka, macho yamelowa, akanikumbatia na vikombe vyangu vya masikio vikaanguka. Na msiniulize kwa nini, lakini wote wawili waliinama kando ya maegesho ya magari, wakatema mate, wakajisugua udongo mwekundu wa Thika mpaka kwenye mikunjo ya vidole. Kucha zile za rangi! Wakashikana mikono wakiwa wamechafuka hivyo, wakarudi kwenye mstari.

Nikavirudisha vikombe masikioni. Sikuona risasi moja moja. Nilimwona mwanangu mgongo. Mabega yalishuka, miguu ikakaa chini kama miti, na mkono haukuzunguka tena. Mjukuu alikuwa anatazama kwa darubini na kuninong'onezea, nami sikuwa nasikia kitu kwa sababu ya vikombe, kwa hivyo nilikuwa namsoma mdomo. "Tisa. Kumi. Kumi. Aki, Shosho, kumi!" Ngai, nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili nisiruke nacho.

Walipomaliza walilingana kila kitu isipokuwa tundu moja la kitindamimba. Likiwa limegusa mstari wa duara la kumi, ni kumi, na nafasi ni yake. Likiwa halijagusa, ni tisa, wanatoka sare, na nafasi ni ya kofia nyekundu kwa sababu matundu yake mengi yalikuwa katikati kabisa. Mkaguzi alileta kioo cha kukuzia. Akaangalia. Akamwita fundi, fundi akakataa, akasema yeye ameshakula ugali wa familia hii, hawezi kuwa shahidi. Watu wakacheka lakini kitindamimba hakucheka. Alikuwa anajipangusa udongo kwenye suruali, pole pole, mkono mmoja halafu mwingine.

Yule mama wa kofia nyekundu akasema, "Nipe nione." Akainama juu ya karatasi. Alikaa hapo muda wa kukunja leso. Halafu akainuka.

"Limegusa," akasema.

Sasa mimi hapo nilipiga vigelegele vitano, kama mtoto wa kiume amezaliwa, na kiti kilivunjika mguu. Kitindamimba aliniinua juu, mimi na kilo zangu, akanichafua gauni mgongoni. Alama za vidole bado zipo. Sijalifua hilo gauni na sitalifua. Ile karatasi iko kwenye friji. Kofia nyekundu alikuja Jumapili iliyofuata akala kwangu, na fundi pia, bila kualikwa. Kila mmoja akaniambia nimpe kipande kilichobaki cha mpini, nami nikawaambia kipo nyuma ya mlango, kinangoja mjukuu.

Nimeandika vile ninavyokumbuka. Lakini vigelegele huenda vilikuwa vinne. Na ile mara ya mwisho ya mafuta, huenda ilikuwa ya nne na nimeipunguza. Kama ulikuwa pale uwanjani siku hiyo na unakumbuka tofauti, nitafute unisahihishe, nitakupa chai. Hata kuhusu lile tundu, kama wewe uliliona kwa macho yako na unajua halikugusa, nisahihishe pia. Ila hilo uje uniambie ukiwa umesimama mbele ya friji, na kofia nyekundu akiwa amekaa hapo mezani.