Mzungumzaji wa Kiwelisi wa Great Barr

Kwa mujibu wa kompyuta ya mwajiri wangu, mimi ni mmoja wa watu wawili wanaozungumza Kiwelisi katika kitengo chetu cha simu. Nilizaliwa Tanga. Naishi Great Barr, pembezoni mwa Birmingham, Uingereza, ambako malori ya barabara kuu ya M6 husikika hadi jikoni, na Wales sijawahi kulala hata usiku mmoja. Kiwelisi changu chote ni salamu.

Mwajiri wangu ni halmashauri moja ya upande wa Wales. Kazi yangu, ninayoifanyia nyumbani, ni kupokea simu za wananchi: taka hazikuzolewa, taa ya barabarani imezimika, jirani amejenga ukuta. Kwa kuwa mwananchi ana haki ya kuhudumiwa kwa Kiwelisi, halmashauri iliamua kutuinua wafanyakazi wake kilugha, na haikufanya ubahili. Tulipewa somo la mtandaoni kila Jumanne. Tulipewa picha ya kupamba kioo cha kompyuta. Nililetewa kwa posta beji ya rangi ya chungwa ya kuujulisha umma kwamba najifunza, nami niliivaa kwa uaminifu mbele ya birika la chai.

Somo la kwanza lilikuwa salamu. Wenzangu, wengi wao wazaliwa wa huko huko Wales, walishika "bore da", yaani habari za asubuhi, wakatosheka. Mimi sikuweza. Kwetu humuulizi mtu namba ya nyumba yake kabla hujamuuliza ameamkaje, watoto hawajambo, wa nyumbani wazima, na baridi hii mnaionaje. Nikamwomba mwalimu anipe zilizobaki. Alifurahi mno, nadhani hakuna aliyewahi kumwomba kitu. Nikazikariri zote kwa lafudhi yake huku nikikaanga vitunguu.

Binti yangu, anayeelewa Kiswahili chote na kukijibu chote kwa Kiingereza, alinisikia siku moja nikiwa kazini.

"Mama," akasema kwa Kiingereza chake cha Birmingham, "huyo mtu amepiga simu kwa ajili ya pipa la taka. Mbona unamsalimia kama mkwe?"

Lakini wapiga simu walipenda. Wakaguzi wanaosikiliza simu zetu zilizorekodiwa walipenda zaidi, maana wao wenyewe hawakijui Kiwelisi na kwa hiyo hawakuwa na pingamizi. Walisikia mwananchi akicheka, wakanipandisha daraja kwenye kompyuta, kutoka anayejifunza Kiwelisi hadi anayekizungumza. Tangu hapo kila aliyebonyeza kitufe cha Kiwelisi aliletwa kwangu.

Nikampigia msimamizi wangu.

"Mimi Kiwelisi sikijui," nikamwambia.

"Ah, wote husema hivyo."

"Wote nani?"

"Wanaokizungumza. Wanakijua vizuri tu, ila hawajiamini."

"Mimi najua kusalimia. Natoka Tanga."

"Unaona? Unajishusha tena."

Akaniandikisha kozi ya kujiamini. Iliendeshwa kwa Kiingereza. Nilifaulu.

Ikapita miezi bila maafa. Salamu zikiisha nikaanza kukwama, wapiga simu wengi walinionea huruma wakahamia Kiingereza. Kisha akapiga mzee mmoja. Alijibu kila salamu kikamilifu na kunirudishia, kama ambavyo marehemu bibi yangu angefanya. Nilipomwomba radhi na kumweleza kwamba bado najifunza, alisema kwa Kiingereza cha taratibu:

"Mimi Kiingereza ninacho, bibie. Mke wangu ndiye hana tena."

Kiharusi kilikuwa kimemwondolea mkewe Kiingereza chote na kumwachia lugha ya utotoni. Kila asubuhi halmashauri ilimpeleka mhudumu wa kumwogesha, mwanamke mpole asiyejua neno la Kiwelisi. Mgonjwa alichoona ni mgeni anayemvua nguo huku akisema maneno yasiyoeleweka. Aligeukia ukutani, akashikilia blanketi, hakuoga. Mzee alitaka kitu kimoja tu: mhudumu atakayemwambia mkewe, kwa lugha yake, sasa nakuosha mkono.

Nikalipeleka ombi lake kitengo cha huduma za wagonjwa majumbani. Jibu lilikuja haraka kuliko kawaida. Hapakuwa na haja ya kuajiri mtu, kwa kuwa kompyuta ilionyesha wazungumzaji wapo. Isitoshe, ilibidi kwanza mgonjwa ahojiwe kwa simu, kwa Kiwelisi, ili mahitaji yake yajulikane. Mzungumzaji wa kwanza alikuwa likizo ya uzazi. Wa pili akapangiwa Alhamisi.

Wa pili ni mimi.

"Hatuna mwingine," msimamizi akasema. "Halafu kozi si umemaliza?"

Alhamisi nikapiga. Mzee alimshikia mkewe simu sikioni. Nikamsalimia: ameamkaje, watoto, nyumbani, baridi. Kisha sauti nyembamba ikaanza kujibu, ikajibu yote, ikaendelea, mahali fulani ikacheka, na mwishoni ikauliza swali. Najua lilikuwa swali kwa jinsi alivyosubiri. Nikamuuliza tena watoto hawajambo. Akasubiri tena.

Mzee akachukua simu.

"Anauliza kama ni wewe utakayekuja asubuhi."

Kwenye ripoti niliandika sentensi mbili: mgonjwa anahitaji mhudumu anayejua Kiwelisi, aliyemhoji hajui Kiwelisi. Msimamizi ameirudisha, akiniomba kwa upole niifute ya pili, maana inaonyesha kutojiamini, na mahojiano yasiyofanywa kwa Kiwelisi hayawezi kupitishwa. Nikiifuta, ripoti itapita, na mhudumu mpya atatafutwa katika kompyuta ile ile iliyonipata mimi. Nisipoifuta, hatatafutwa mtu.

Leo asubuhi ripoti iko wazi mbele yangu, sentensi zote mbili zipo. Mzee ameshapiga. Yule mhudumu wa siku zote alifika, akamkuta mgonjwa amegeukia ukutani, akaondoka. Baada ya salamu, zote, mzee ameuliza kama jibu limetoka.