Treni ya Bati na Mlango wa Muyinga

Simu ilinikuta na povu la sabuni kidevuni. Aliyepiga alikuwa Mkongo mmoja wa Kivu Kusini, muuza ndagala, yaani dagaa wa ziwani, tuliyefahamiana tangu miaka ya vita, na safari hii hakupoteza muda kwa salamu. "Yule mtu wa treni ametuacha," aliniambia. "Banamuzika mbele ya saa tisa. Kama unakuja, kuja sasa." Nilifuta povu, nikakimbilia gari la Gitega, na bado nilifika Nyamugari, mtaa wetu wa zamani pale Gitega, kaburi likiwa limeshasawazishwa. Waislamu hawamsubirishi maiti kwa ajili ya msafiri, na wana haki yao. Nikasimama pale nusu uso umenyolewa, nusu una vinyweleo, nikimwombea mtu niliyekaa jirani naye miaka yote ile mibaya na ambaye, nikisema kweli, sikuwahi kumsikia akicheka tangu ile siku nitakayoisimulia.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mniwie radhi. Najua mmezoea nikiandika juu ya wakubwa. Huyu hakuwa mkubwa wa mtu yeyote. Alikuwa fundi bati. Alikata makopo ya mafuta ya msaada akatengeneza vibatari, mafaneli na mbabula za kupikia kwa makaa, akaviuza, akala. Muda uliobaki alitengeneza treni. Ndiyo, treni, katika nchi hii ambayo haijapata kuwa na reli hata ya kubebea ndizi. Alizaliwa Kigoma, upande wa pili, ambako baba yake, mkimbizi wa Kirundi, alikuwa mpakiaji wa mizigo stesheni. Baba alipofariki, mama na wanawe wawili wa kiume walirudi nchini, wakajenga Muyinga. Baadaye marehemu, ambaye ndiye mkubwa, akaja kutafuta riziki Gitega na kumchukua mama yake. Mdogo akabaki kutunza nyumba. Vita vilipoanza alitumiwa salamu aje, akajibu kwamba nyumba isiyo na mtu ni ya kila mtu. Basi. Salamu zikakatika, na mama akabaki na swali moja tu maisha yake yote: mwanangu wa Muyinga yu hai au la.

Mimi siku hizo nilikuwa nauza vitenge, ubao wangu umeegemea ukuta wa karakana yake, kwa hiyo ile treni naijua kuliko ninavyowajua baadhi ya shemeji zangu. Reli yake ilipita juu ya rafu ndefu iliyozunguka kuta, kutoka kibao kilichoandikwa Gitega mpaka kingine kilichoandikwa Muyinga, nayo ilivutwa kwa uzi kwa kuzungusha gurudumu la cherehani mbovu. Lakini mkitaka kumjua marehemu msitazame treni, tazameni mizigo. Behewa lenyewe kwake lilikuwa kazi ya asubuhi moja. Mzigo ndio uliomlia wiki. Magunia ya kahawa aliyashona kwa vipande vya gunia kuukuu, akayajaza unga wa mbao uliolowa na kuyakandamiza kwa tofali mpaka yakalegea matumbo kama gunia lililokwisha kubebwa mgongoni. Kisha aliyapanga safu moja urefu, nyingine upana, vile wapakiaji wanavyofanya ili magunia yakamatane yasimwagike kwenye kona. Mapipa ya mafuta aliyakunja kutoka maganda ya betri za tochi, akayabonyeza hapa na pale, akayapaka kutu ya vumbi la tofali na gundi. Chini ya kila mzigo alificha kipande cha chuma, behewa likae chini kwenye springi zake za waya wa mwavuli. "Gari lililobeba halisimami kama gari tupu," aliniambia. "Mzigo usio na uzito ni picha tu, na mimi siuzi picha."

Alikuwa na sharti moja lililomkera kila mtu. Hakuweka juu ya ile reli mzigo ambao hakuuona kwa macho yake kwenye barabara ya Muyinga. Kila asubuhi alikwenda sokoni yanaposimama malori, akatazama kinachopanda na kinachoshuka, ndipo akarudi kukata bati. Siku moja yule Mkongo wa ndagala, kwa uchokozi wake, akatia vidagaa vikavu vitatu kwenye behewa lililokuwa tupu. Marehemu akavitoa kwa ncha ya koleo, akamrudishia kiganjani.

"Juu ya nini unakataa ndagala yangu?" Mkongo akauliza. "We treni yako iko na ubaguzi?"

"Sijaona ndagala zikienda Muyinga wiki hii."

"Na treni yenyewe, uliiona wapi ikienda Muyinga?"

Tulicheka mpaka mteja wangu mmoja akasahau alichokuja kununua. Marehemu naye alicheka. Lakini siku lori la ndagala lilipopanda kweli kuelekea huko, alijifungia, akakata vijisamaki vya bati vyembamba kama kucha, akavimwaga kwenye viroba vilivyo wazi mdomo na kuvipaka mafuta ya samaki vinuke. Halafu akamwita Mkongo aje kutazama. Jamaa akavua kofia. Ukweli ni kwamba wakati ule tulikuwa bado tunadhani vita vitapita kama mvua ya msimu.

Havikupita. Na kama mtu angetaka kujua nchi inakwendaje, hakuhitaji redio. Angepita kwa fundi bati akaangalia behewa limebeba nini. Kahawa ilipungua, ikaisha. Ukaja mkaa, yakaja mahindi ya msaada, yakaja magodoro na vitanda vya watu wanaohama. Kisha yakaanza kuja mabati, naye akayatengeneza mabati. Nilimwona akiyatoboa kwa sindano, tundu moja moja, kwa mstari. Nikamuuliza ya nini kujitesa hivyo. "Bati la dukani halina matundu ya misumari," alisema. "Haya yalikuwa juu ya vichwa vya watu." Tangu hapo baadhi ya majirani waliacha kuingia. Waliosimama nje walisema fundi amechanganyikiwa. Mimi nadhani hawakupenda kuona kwenye rafu kile walichokuwa wakikinunua sokoni kwa bei nafuu.

Mama yake hakuacha kuja. Alimletea uji kila siku jua likishapanda, akakaa kwenye kigoda na kuuliza kwa Kiswahili chake cha hapa hapa, "Leo imeleta nini, mwanangu, ile ya Muyinga?" Naye alimtajia mizigo, mmoja mmoja. Mama alisikiliza kama watu wanavyosikiliza taarifa ya habari, kwa sababu kwake hiyo ndiyo iliyokuwa taarifa. Maadamu kuna kitu kinachotoka Muyinga, mtoto naye angeweza kutoka.

Halafu ikaja ile asubuhi. Tulikuwa pamoja sokoni, mimi nikingojea mzigo wangu wa vitenge, lori likashusha mabati na milango. Marehemu akauendea mlango mmoja kama mtu aliyeitwa kwa jina. Aliujua kwa sababu aliutengeneza yeye: mbao zilizovikwa bati, na katikati mchoro wa gurudumu la treni uliogongwa kwa nyundo na msumari. Ulikuwa mlango wa nyumba yao. Upande wa ndani kulikuwa na komeo alilolifua kwa kipande cha chuma cha reli alichoachiwa na baba yake. Lilikuwa limepinda kama kiwiko cha mkono, na kipande cha fremu kilikuwa bado kimening'inia pale lilipoingia.

"Mzigo huu umetoka wapi?" alimuuliza dereva.

"Mi nabeba tu, muzee," dereva alijibu bila kumtazama. "Banapakia, nabeba. We unanunua ao unatazama?"

Hakununua. Alilishika lile komeo kidogo, akaliachia, tukarudi. Wiki nzima alifanya kazi mlango umefungwa. Alipofungua, kwenye reli kulikuwa na behewa jipya: mabati yenye matundu na, juu yake, mlango mdogo wenye gurudumu, umelazwa, komeo lake juu, limepinda vile vile. Ninyi mtasema angeweza kuacha. Angeweza kutengeneza mkaa. Mimi nilimwambia hivyo hivyo. Akaniambia, "Mama ataniuliza imeleta nini. Kwa mdomo sitaweza. Mkono ndio unaoweza."

Mama akaja na uji wake. Hakuuliza siku ile. Aliutambua mlango kabla hajaketi, akauchukua kwenye behewa, akausogeza machoni.

"Huu ni wetu. Uliuona na macho yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na hii komeo, juu ya nini umeipinda?"

"Ilikuwa imepinda."

Hakuna mama asiyeijua hesabu hiyo. Mtu akiihama nyumba huifunga kwa nje, kwa kufuli. Komeo la ndani hufungwa na mtu aliye ndani, na chuma cha reli hakipindi kwa kusukumwa na upepo. Nilimwona akifika mwisho wa hesabu. Uso wake ulifika kabla ya maneno. Nililia mimi, jirani, niliyesimama mlangoni na mita ya kupimia vitenge shingoni. Yeye hakulia. Alimnyooshea mwanawe ule mlango.

"Inyoshe."

"Mama..."

"Inyoshe, mi naangalia."

Akachukua koleo, akalinyosha lile komeo, taratibu, yeye ambaye hakuwahi kuweka kitu cha uongo juu ya ile rafu. Mama akaukagua, akaurudisha kwenye behewa kwa mkono wake. "Bon," akasema. "Alifungua mwenyewe, akatoka. Atakuja." Akamkabidhi uji, akaenda zake nyumbani.

Mama alimngoja mpaka yeye mwenyewe alipokufa. Sheikh alikuja na watu wazima wa mtaa wakitaka kumswalia yule kijana swala ya asiyekuwepo, na kuweka matanga kama watu wengine. Mama akawaambia mtu aliyetoka kwa miguu yake haswaliwi. Wakamtazama marehemu aseme. Aseme nini? Alikuwa ameshalinyosha komeo. Hivyo yule mdogo hakuswaliwa, hakuliliwa, wala hakupata hata kahawa ya msiba. Kaka yake hakutengeneza tena mzigo hata mmoja. Alirudi kwenye vibatari na mbabula. Amani ilipotiwa saini alikwenda Muyinga, akakuta mtu amepanda maharage kwenye kiwanja chao, na majirani wote wakamjibu kwamba siku hiyo hawakuwepo. Akarudi, akazeeka. Hayo ndiyo maisha yake, na nisingependa kuwadanganya kwamba kuna sehemu nyingine nzuri zaidi niliyoiacha.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi wa miaka ile tuliwapita wahenga, maana tulificha hata kilio chenyewe. Nchi nzima ilishika koleo. Tulinyosha kwa hofu, tulinyosha kwa aibu, na wengine, kama yule fundi, tulinyosha kwa sababu mama anatutazama. Leo vijana wanatuuliza ilikuwaje, nasi tunawaonyesha milango iliyonyoka, kisha tunashangaa kwa nini hawatuamini. Na habari za kujengwa kwa reli nchini bado zinatangazwa. Ikija, sijui itapakia nini.

Baada ya mazishi Mkongo alinifungulia karakana. Watu wa mtaa walikuwa wameshaulizia mabati yaliyobaki humo. Treni ipo pale pale, imeliwa na kutu, magunia ya kahawa yametobolewa na panya. Behewa la mwisho nalo lipo, na mlango juu yake. Nikapitisha kidole kwenye komeo. Limenyoka, lakini mkunjo wake wa zamani unausikia, kama kovu chini ya nguo. Nikafikiri: sasa mama hayupo, kaka hayupo, hakuna tena wa kuumizwa, basi angalau hapa kwenye rafu kitu kirudi kilivyokuwa. Nikalishika kwa vidole viwili, nikalipinda polepole kurudi mahali pake.

Bati huvumilia kukunjwa, huvumilia kunyoshwa; ukilirudia tena, limeisha. Komeo lilikatika, likabaki kiganjani mwangu. Funzo langu ndilo hilo, wasomaji, na sina jingine: ukweli ulionyoshwa kwa huruma haungoji siku tutakayokuwa tayari kuupokea. Nikamgeukia Mkongo kama mtoto aliyevunja kikombe cha watu, nikamuuliza kama anayo lehemu.

"Wacha tu, ndugu," aliniambia. "Bale bangeuliza habako tena."