Siku ya Konkuru na Neno la Somo

Vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa kuingia shule ya sheria huja kwangu kuniuliza wasome nini. Ninawajibu kadiri ninavyojua. Kisha ninawauliza swali langu: umewaambia nyumbani utarudi saa ngapi? Wengi hucheka. Karatasi ina muda wake, wananiambia, ukimaliza unatoka. Hapo huwaomba wakae niwaeleze taratibu, maana hesabu hiyo hata sisi tuliipiga, na aliyeilipia si mimi.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka uliotangulia 1972. Uhuru ulikuja nikiwa bado shule ya msingi, na tangu siku hiyo tuliambiwa nchi inahitaji watu wake waliosoma. Lakini katika mtaa wetu wa Waislamu pale Rumonge, mtaa wa wajukuu wa watu waliotoka Manyema na Ujiji, waliosoma walikuwa wachache. Shule zilikuwa za misheni, na wazazi waliogopa. Baba yangu, fundi cherehani, alijikaza akanipeleka kwa masista. Nilipoitwa kwenda Bujumbura kufanya konkuru, ndivyo tulivyouita mtihani ule wa kuingia, alikubali kwa masharti mawili. Nisindikizwe na somo wangu. Na nisilale nje.

Kwa asiyejua, somo ni mwanamke anayemfunda msichana akishavunja ungo. Humfundisha usafi, heshima na mambo ya unyumba, na siku ya harusi ndiye anayempeleka kwa mumewe, kisha hubaki karibu na mlango mpaka apate habari njema ya kuwapelekea wazazi. Kazi hiyo haina duka wala mtaji. Mtaji wake ni neno lake. Mama akimkabidhi binti, halali akiwaza.

Somo wangu alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti nzito kidogo. Baba alimwambia mbele ya majirani, "Jua likizama, mtoto awe hapa."

"Atakuwa hapa," alijibu, na kila mtu alisikia. Mwezi ule alikuwa amepewa kusimamia harusi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, ya binti wa mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu pale mjini.

Tuliondoka alfajiri juu ya kamyo, lori lililobeba magunia ya ndagala wakavu, dagaa wa ziwani. Dereva alimjua Somo, kama kila mtu alivyomjua, akamtania njia nzima. Alitaka kujua bwana harusi wa leo ni nani, na kama mahari ameitoa kwa Kifaransa. Somo alimjibu kwamba angekuwa na akili angeoa kabla kamyo yake haijafa. Ziwa lilikuwa kushoto kwetu, jeupe, na vumbi kulia, na mimi katikati nikirudia kimoyomoyo majina ya mihimili ya serikali. Tulipofika, dereva aliacha utani. Alituonyesha mahali atakapotusubiri, karibu na soko la Buyenzi. Ikishapita alasiri angeondoka, kwa sababu barabara ilikuwa mbaya na taa ya kamyo ilikuwa moja tu.

Sasa niwaeleze siku yenyewe. Barua ya kutuita ilitaja saa ya kuanza. Saa ya kumaliza haikuitaja, na sisi hatukuona kwamba hilo ni jambo. Tulifika mapema, tukakuta uani vijana waliotoka kila pembe ya nchi, wengine viatu vyao vimefungwa kwa kamba. Wasichana tulikuwa wachache sana. Tulisubiri waliokuwa na funguo. Kisha tukasubiri waliokuwa na karatasi. Tulipoitwa kwa majina, jua lilikuwa tayari limepanda. Insha ya Kifaransa niliiandika vizuri, nasema bila kujisifu, na nilipotoka nilimkimbilia Somo pale alipokuwa amekaa chini ya ukuta, nikamwambia tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Msimamizi alikuja akasema kuna karatasi ya pili, na baada ya hiyo kila mmoja ataingia peke yake mbele ya waalimu kuulizwa kwa mdomo. Alisema hivyo kwa utulivu, kama jambo ambalo kila mtu alizaliwa akilijua. Watoto wa waliosoma walilijua kweli. Walikuwa na mikate ndani ya mikoba yao.

Nawaambia hili msivunjike moyo. Mnakwenda kujifunza sheria, na jambo la kwanza mtakalojifunza ni kwamba muda ulioandikwa ni sehemu ndogo tu ya muda utakaoutoa. Jiandaeni kwa huo mwingine pia. Chukueni chakula.

Somo aliswali adhuhuri juu ya kanga yake. Karatasi ya pili ilipokwisha, alikuwa anaongea na mlinzi wa mlangoni, mzee wa bara mwenye Kiswahili cha kujikongoja.

"Mama, hii kitu haiishaka mapema," mlinzi alimwambia. "Mwaka jana waliwasha taa."

Somo alimshukuru, "Murakoze," akarudi ukutani. Waliojua maana ya maneno yale uani pale ni yeye na mimi tu. Alasiri ilikuwa inakaribia. Kamyo ingeondoka. Jua lingezama nikiwa Bujumbura, na neno lililosemwa mbele ya majirani lingevunjika, na msichana wa mtaa wetu angekuwa amelala nje.

Niliketi karibu naye, nikamwambia twende. Nilimwambia nitarudi mwaka ujao. Nilidhani ninafanya la heshima.

Aliangalia mlango wa ule ukumbi kama anavyoangalia fundi kazi ya fundi mwenzake.

"Bibi harusi akiisha ingia ndani," alisema, "mimi siendi kumugongea mulango eti gari inaondoka. Kaa ungojee jina yako."

"Na baba?"

"Neno iko yangu, haiko yako. Kaa."

Alasiri ikapita. Waliitwa wavulana, mmoja mmoja, bila utaratibu ambao ningeweza kuutambua. Aliyekuwa akirudi alizungukwa na kuulizwa ameulizwa nini, na kila mmoja alisema kitu tofauti. Taa ziliwashwa, mlinzi alisema kweli. Nilipoitwa, mtaa wa jirani ulikuwa unaadhini magharibi. Ndani walikuwa waalimu watatu waliochoka kuliko mimi. Waliniuliza desturi inatofautiana vipi na sheria. Nilijibu, wakaniuliza tena kidogo, wakaniambia niende. Ungekunywa kikombe cha chai ya moto, usingekimaliza. Siku nzima ilikuwa kwa ajili ya dakika zile.

Tulilala Buyenzi kwa watu wa nyumbani. Somo alitandika mkeka wake kwenye kizingiti cha chumba nilicholala, akajilaza hapo.

Kesho yake tulirudi Rumonge, tukamkuta baba cherehanini. Hakusimamisha mguu tuliposimama mbele yake. Alishona mpaka mwisho wa pindo, ndipo akamuuliza Somo alikuwa amemwambia nini.

"Uliniambia jua likizama," Somo alijibu. "Limezama mutoto akiwa anangoja kuulizwa. Ningemutoa, ningekuletea mutoto na neno, bila masomo. Mutu akikuuliza, mwambie ni mimi."

Na watu waliuliza. Juma lile lile, nyumba ya mfanyabiashara ilituma ujumbe wa heshima sana, na harusi ikapewa somo mwingine, mwanamke wa kutoka Kigwena. Baada yake mama wengine wawili wakachukua mabinti zao. Baba alisikia yote, akaendelea kushona. Somo alianza kukaanga maandazi ya kuuza asubuhi. Jina langu liliposomwa kwenye redio, alikuja kunikumbatia, mikono inanuka mafuta, akaniambia nisiwe nachelewa kuamka huko shuleni.

Nilisoma mwaka mmoja usiotimia. Mwishoni mwa Aprili 1972 vita vilianzia kwetu, kando ya ziwa, na baada yake yakaja mauaji ya nchi nzima. Darasani watu walikuwa wakiitwa mlangoni kwa majina, wakatoka na kalamu zao, na hawakurudi kukaa. Kati ya wale niliongoja nao uani siku ya konkuru, siwezi kuwataja wengi walio hai. Sitaeleza zaidi, kwa sababu sijajua bado namna ya kuyaeleza hayo bila kuyapunguza.

Watu wangu walivuka ziwa, wakafikia Kigoma. Mdogo wangu alikuwa amechumbiwa kabla ya yote yale, na mchumba wake alivuka pia, basi baba akaona wafungishwe ndoa huko huko, ili angalau jambo moja liende kama lilivyopangwa. Ndugu wa kuukeni walimtafutia somo, mwenyeji, mwenye sifa nzuri. Baba alikataa. Alizunguka siku kadhaa mpaka Ujiji akiuliza waliovuka, akamkuta Somo wetu katika chumba cha kuazima na wanawake wengine.

Haya nilisimuliwa na mdogo wangu mwenyewe, aliyekuwa amesimama nyuma ya baba siku hiyo. Anasema baba alingoja mpaka wanawake wale wote wakakusanyika kutazama, ndipo akasema kwa sauti, "Nimekuletea mtoto wangu mwingine umpeleke. Sikupi saa ya kurudi."

Somo akauliza kama bibi harusi amekula.