Nilivyopelekwa Kwetu Nduguti Kuangushwa

Niliondoka Dodoma kwa sababu moja tu: nilikuwa natumwa kwenda kuangushwa. Wengine husafiri kwa biashara, wengine kwa msiba. Mimi Salima, mwanamke mwenye shingo nene na mabega ya kubebea magunia, nilipandishwa lori ili nikalale chali mbele ya wananchi wa mkoa wa Singida, kijiji baada ya kijiji, kwa faida ya taifa.

Kwanza nieleze nilivyofika hapo. Nilitoka kwetu Nduguti nikiwa msichana, nikaenda kukaa kwa shangazi Dodoma, nikapata kibarua cha kubeba magunia kwenye mashine ya kusaga. Siku moja mtu mwenye kikundi cha mieleka alinikuta na gunia begani huku mkono mwingine umemshika karani ukosi, akaniajiri papo hapo. Kwa miaka kadhaa nilipigana katika kumbi za mjini kila Jumamosi, na watu walilipa kiingilio wamwone mwanamke akirusha wanaume. Mara nilishinda, mara nilishindwa, kadiri tulivyopangana, kwa sababu mieleka ya kiingilio mwisho wake hujulikana kabla haijaanza. Hiyo ndiyo siri ya kazi, na siri ikitoka, kazi imekwisha. Kisha siasa ya Ujamaa ikaingia. Mwenye kikundi akagundulika kuwa ni bepari, akaenda zake kwao, na sisi wapiganaji tukataifishwa pamoja na turubai.

Mkubwa wetu mpya alikuwa Bwana Utamaduni, kijana wa kaunda suti aliyetoka masomoni juzi. Alisema mieleka ya burudani ni anasa. Kuanzia sasa mieleka itafundisha. Mimi nikapewa jina la Bibi Mrija, yaani unyonyaji wenyewe, nikavalishwa koti jeusi na kufungwa mto tumboni. Mwenzangu Hamza, mwembamba kama ufito na mwenye kikohozi cha asubuhi, akaitwa Jembe. Kila kijiji Jembe atamwangusha Mrija, wananchi watapiga makofi, na Bwana Utamaduni atahutubia.

Niliposikia kwamba kituo cha mwisho ni Nduguti, nilimfuata ofisini.

"Mama yangu yuko kule," nikamwambia. "Hajapata kuniona nikipigana. Naomba pale tu nishinde."

"Ndugu Salima, unyonyaji hauwezi kushinda."

"Hata mbele ya mama yake?"

"Unyonyaji hauna mama," akasema, akaendelea kupiga mihuri.

Sikuogopa kuanguka, nilishaanguka mara nyingi kuliko maembe. Lakini mama alikuwa amewaambia majirani kwamba mimi nafua mashuka hospitali. Kazi ya kushikana na wanaume hakupata kuitaja kwa mdomo wake, na mimi sikupata kumlazimisha. Sasa angeiona kwa macho, na angeiona ikiwa chini ya Hamza.

Tulifika Ikungi siku ya mnada. Tulitandaza turubai juu ya magunia ya pumba kando ya zizi la mbuzi, na watu wakaja kwa wingi, baadhi yao wakiwa na kuku mkononi. Nikatamba, nikawaambia nitawanyonya mpaka uboho, wakanizomea vizuri kabisa. Jembe akaniangusha. Makofi yalipokwisha ndipo mwenyekiti wa kijiji alipotokea, akiwa na jasho, akasema amechelewa kwa sababu ya kikao na angeomba Mrija aangushwe upya. Bwana Utamaduni akasema bila shaka. Basi nikawa nimeanguka mara moja kwa ajili ya wananchi na mara ya pili kwa ajili ya mwenyekiti, na ile ya mwenyekiti ndiyo iliyoniumiza kiuno.

Singida mjini hatukupigana, maana upepo ulilichukua turubai na kulipeleka kwenye ua wa watu. Tulikula kuku, tukalala.

Kabla ya Shelui, tulipomaliza kushuka mlima wa Sekenke, gurudumu la nyuma lilipasuka. Dereva alikuwa na jeki mbovu. Nikaingia chini ya bodi, nikaweka mgongo, lori likanyanyuka kiasi cha kutia jiwe, kisha nikabeba tairi la akiba na kulipachika. Muda wote huo Jembe alikuwa amekaa kivulini akikohoa, na madereva wa malori mengine wamesimama wanatutazama. Jioni walewale walikuja uwanjani wakaona Jembe akiniinua na kunibwaga. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja muuza uji alinifuata nilipokuwa nakung'uta vumbi.

"Dada, mchana umenyanyua lori peke yako. Sasa huyu kakushindaje?"

"Ni siasa, mama."

"Aa," akasema, kama mtu aliyeambiwa kwamba nje kuna mvua, akaniongeza uji.

Nduguti tuliingia asubuhi, jua likiwa bado halijakolea. Nilimkuta mama uani anapepeta mtama. Nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipa maji, akarudi kwenye ungo wake.

"Hao wageni wa serikali mmekuja na nini?"

"Mieleka, mama."

"Na wewe unawapikia?"

"Mimi ndiye ninayepigana."

Ungo ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Alipepeta mtama ambao ulikwisha kuwa safi. "Nitakuja kutazama," akasema mwishoni.

Mchana, katika uwanja wa shule, mama aliketi mbele kabisa juu ya kigoda alichokuja nacho. Nilitamba kwa sauti ndogo. Jembe akanishika kiuno kama tulivyozoea, nikajirusha mwenyewe kama tulivyozoea, akanilalia kifuani akisubiri Bwana Utamaduni ahesabu mpaka kumi. Alipofika tatu, mama akapiga yowe.

Msomaji wa kwetu anajua yowe ni nini, ila kwa yule wa mjini nieleze. Huku mwanamke akipiga yowe hakuna anayeuliza kuna nini. Unatupa jembe, unashika fimbo, unakwenda. Asiyekwenda hutozwa faini, na siku yake ikifika, nyumba yake huachwa iungue. Basi watazamaji walivamia turubai wote, na wengine ambao hawakuwamo walitoka mashambani mbio. Hamza alipata fimbo tatu za mgongoni kabla hajafungwa kwa kamba za turubai letu wenyewe. Bwana Utamaduni alipanda juu ya lori akapaza sauti kwamba wananchi watulie, huyo wanayemwokoa ni ubepari. Hakuna aliyemsikiliza. Kwa wiki nzima tulikuwa tumezunguka mkoa kufundisha watu kushikamana, na hapa walikuwa wameshikamana kwa sauti ya mwanamke mmoja, wakampiga Jembe.

Alasiri baraza lilikaa katika darasa la tatu, wazee wamejibana kwenye madawati ya watoto. Aliyeliongoza ni Mzee Kiula, ambaye kwa umri wake alikuwa anapenda nyama kuliko haki, na alifungua kikao kwa kuuliza ni nani atatoa mbuzi. Swali lake halikuwa la bure. Yowe la kweli likipigwa, aliyemwonea mwanamke hutoa mbuzi, na walioitika humla. Yowe la uongo likipigwa, aliyelipiga ndiye hutoa, na mwanamke huyo hubaki na jina baya, kwa sababu siku akipatwa na jambo la kweli watu watakwenda kwa kusitasita. Mama alikuwa mjane, anaishi peke yake mwisho wa kijiji. Mbuzi angeweza kumtoa. Jina lile lingemuua.

"Salima," akasema Mzee Kiula, "kijana huyu alikuonea, au mlikuwa mnacheza?"

Nikamtazama Hamza na kamba zake. Nikisema alinionea, namwangamiza mtu ambaye kosa lake ni kufanya alivyopangiwa. Nikisema tulikuwa tunacheza, mama yangu ni mwongo, na siri ya kazi yangu imemwagika mbele ya kijiji kizima. Bwana Utamaduni alikuwa ananitikisia kichwa kwa nguvu, maana naye alijua mara moja: ikijulikana kwamba Jembe huangusha Mrija kwa kupangwa, atahutubia nini tena? Nilikuwa na hasira, nilikuwa na aibu, na mama alikuwa ananitazama bila kupepesa.

"Hamza hajanionea," nikasema. "Tulikubaliana nianguke. Kila kijiji tunakubaliana nianguke."

Darasa likanong'ona. Mama akainamisha uso.

"Kwa hiyo yowe ni la uongo," akasema mzee mmoja.

"Ngoja," akasema Mzee Kiula. "Wewe ulitaka kuanguka?"

"Sikutaka. Niliomba nisianguke hapa, nikakataliwa."

"Na nani?"

Nilitazama tu, na darasa zima likatazama nilikotazama. Bwana Utamaduni alirekebisha ukosi wa kaunda suti yake.

"Mwanamke kalazwa chini mbele ya watu na yeye hakutaka," akasema Mzee Kiula. "Mimi sijui kusoma, lakini hilo ndilo jambo ambalo yowe liliwekewa. Yowe ni la kweli. Mfungueni kijana. Mbuzi atatoka kwa aliyeamuru."

Bwana Utamaduni akasimama kueleza kwamba hilo lilikuwa somo. Mzee Kiula akamjibu kwamba somo amelielewa, sasa anaomba mbuzi. Hapo mwenyekiti wa kijiji chetu, mtu mwenye busara ya kukaa madarakani, akasema wananchi wamekuja kutazama mieleka na hawajaiona; kwa nini wasishindane kweli?

"Haiwezekani," akasema Bwana Utamaduni, amekaribia kulia. "Salima atashinda. Mrija atamshinda Jembe. Nitafukuzwa kazi."

"Wabadilishie majina," akasema mwenyekiti.

Bwana Utamaduni akafikiri, akanusurika. Mto ulitoka tumboni mwangu ukafungwa kwa Hamza, na lile koti jeusi likamfika magotini. Mimi nikawa Jembe. Hamza aliniambia chini kwa chini kwamba hatajiachia, maana amepigwa fimbo tatu bure na yeye pia ana mama. Alipambana kiume. Alinizunguka, alinitia ngwala, mara moja goti langu liligusa turubai na uwanja mzima ukazuia pumzi. Kisha nikampata mkanda, nikamnyanyua, nikampigiza chini, akaburuzika mpaka kwenye mchanga. Bwana Utamaduni akahesabu mpaka kumi kwa furaha ya kweli, akahutubia juu ya ushindi wa Jembe, na hakuna neno hata moja la hotuba lililohitaji kubadilishwa.

Asubuhi ya kuondoka, mama alinisindikiza mpaka kwenye lori akiwa amebeba kibuyu cha asali na kingine cha samli. Alipofika karibu akaniuliza polepole.

"Huyu kijana, jana jioni naye alikuwa ameambiwa aanguke?"

Swali lile liliniuma kuliko sakafu zote nilizopata kuangukia. Nilikuwa nimesema kweli kumwokoa Hamza, na sasa kweli ileile ilikuwa imekula ushindi wangu. Ningeapa, lakini kiapo cha mtu wa mieleka ni cha nini? Nikamwita Hamza. Mama akamshika mkono, akaukunjua, akatazama kiwiko kilichochunika mpaka nyama nyekundu, na bila kumwonya akakibonyeza kwa kidole gumba. Hamza akaruka, akamtaja Mungu wake.

"Pole, baba," mama akamwambia, akatoa samli akampaka.

Wakati huo alipita jirani yetu mmoja na mzigo wa kuni kichwani, akaamkia, akauliza kama huyu ndiye yule binti anayefua mashuka hospitali.

"Hafui," mama akasema. "Kazi yake ni kuangusha watu."

Lori lilipochukua njia ya Singida, Bwana Utamaduni alitangaza kwamba amebuni mpango mpya, kuanzia sasa Jembe atakuwa ni mimi. Tulimpongeza. Nilikwenda kuwafundisha watu washangilie aliyeshinda. Nimerudi nikijua kwamba kabla hujapiga makofi, muulize kwanza aliyelala chini kama alitaka.