Baiskeli Niliyoipoteza kwa Kumi na Sita

Jumapili moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Tulikuwa tumerudi kutoka misa, kwetu Bukiriro, mimi na kaka yangu Leonsi, na nyumbani kulikuwa na baiskeli moja tu. Yeye aliitaka kesho yake apeleke ndizi Kanazi. Mimi niliitaka nifikishe fomu ya chuo Rulenge, na Jumatatu hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Baba akasema tumalizane wenyewe. Tukachukua karata.

Tulicheza ishirini na moja. Unajua mchezo huo ulivyo: anayeikaribia zaidi ndiye mshindi, anayeivuka ameungua. Karata zikishatoka hazirudi mpaka zote ziishe, kwa hiyo mwenye macho hujua zilizobaki. Shangazi alikuwa amenifundisha kuhesabu kwa vidole: karata ndogo ikitoka, kunja kimoja, ya kumi au ya picha ikitoka, kunjua. Nilihesabu vizuri sana, usinicheke.

Mchezo wa mwisho tulikuwa sare. Mkononi nilikuwa na kumi na sita. Leonsi ndiye aliyegawa, na karata yake iliyo wazi ilikuwa kumi, nyingine ameifunika.

"Dada, unaongeza, au nikapake mnyororo mafuta?"

Vidole vyangu vinne vilikuwa vimekunjwa. Ndogo nyingi zimeshatoka, zimebaki kubwa. Lakini nilizoea kwamba kumi na sita mbele ya kumi, mtu huongeza. Nikaongeza. Akatoka mfalme, naye huhesabiwa kumi. Nikaungua.

Shangazi alikuwa akimenya ndizi pembeni. "Vidole vilikuambia nini?"

"Kwamba zimebaki kubwa."

"Mbona umeongeza?"

"Si ndivyo tunavyofanya siku zote, shangazi?"

"Basi ulivikunja kwa sababu ya baridi."

Ningebaki na kumi na sita zangu, huenda ningeshindwa vilevile. Karata haimwahidi mtu. Lakini ningeshindwa nikiwa nimetumia nilichokijua. Mazoea yana taabu.

Alfajiri nikaondoka kwa miguu. Fomu ingefika, hata nikitambaa. Njia fupi ni ya bondeni, ndiyo tuliyoipita miaka yote. Ila mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na mimi nilikuwa nimeiona. Nikasimama njiapanda, halafu nikapanda mlima, njia ndefu. Saa tisa alasiri nilikuwa Rulenge, miguu imevimba, fomu kavu. Karani akaipokea. Baadaye nikasikia kwamba maji yalikuwa yamefunika njia ya bondeni.

Mwanangu, kanuni ulizofundishwa zishike; zitakufaa siku ambayo hujui lolote zaidi. Lakini ukishaona kilichotoka na kilichobaki, usiogope kubadili uamuzi, hata kama jana uliamua vingine na ukafanikiwa. Kuhesabu peke yake hakutoshi. Mkono nao ufuate hesabu.

Mungu akupe macho ya kuona kilichobaki, na moyo wa kukifuata. Nenda, mwanangu, na Mama Maria akutangulie.